Semina Zimetosha, Tuzungumze Bei

Kila mwaka, ikikaribia tarehe 8 Agosti, wakubwa wetu huvaa kofia na fulana za Nane Nane, wakapita kati ya vipando vya mahindi vilivyomwagiliwa kwa bomba, wakapigwa picha na ng'ombe aliyeogeshwa, kisha wakapanda jukwaani na kuwaambia wakulima neno lilelile: limeni kibiashara, badilikeni, acheni kilimo cha mazoea. Nzuguni kule Dodoma husemwa hivyo. John Mwakangale pale Mbeya, hivyo hivyo. Watu hupiga makofi, maana ndiyo adabu. Mgeni rasmi akiondoka na msafara wake, nao hurudi vijijini kuuza viazi kwa bei iliyokwisha kupangwa na mtu mwingine.

Limeni kibiashara! Nioneshwe basi mfanyabiashara mmoja, wa Kariakoo au wa Dubai, anayeuza mali bila kupanga bei, bila kushika mizani, kwa mteja mmoja tu, siku aliyoichagua mteja. Hayupo. Angekuwepo, angefilisika kabla ya saa sita mchana. Mkulima akienda dukani kununua mbolea anauliza, "Shilingi ngapi?" Mnunuzi akija shambani kwake, bado ni yeye anayeuliza, "Utanipa ngapi?" Kununua anapangiwa, kuuza anapangiwa. Halafu mtu aliyelipwa posho ya siku tatu anasimama mbele yake na kumwambia kwamba tatizo lake ni fikra.

Nasema, na atakayebisha abishe: kijiji cha wakulima kinaanza kuendelea pale mkulima anapoweza kuikataa bei mbaya, na watoto wake wasilale njaa kwa sababu ya kukataa huko. Barabara, ghala, ushirika, mkopo, umeme, hata shule, vina maana kwake kadiri vinavyomwongezea uwezo huo. Visipomwongezea, ni mapambo ya ripoti. Tumejenga mapambo mengi sana katika nchi hii.

Anayedhani natia chumvi aende Makete, Njombe au Mgeta msimu wa viazi, akasimame pembeni mwa shamba aone gunia linavyofungwa. Mwenye pesa hafiki. Anafika dalali na vijana wa kufungasha. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Kijana analitingisha, analigongesha chini, analisindilia kwa goti, linajazwa tena. Halafu kinaunganishwa kipande cha gunia lingine juu yake, viazi vinapangwa kimoja kimoja kwa ustadi wa fundi wa kujenga ukuta, kamba inapita huku na huku mpaka kilemba kinasimama juu kama kimo cha mtoto. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, na kanuni zake zinakataza kufungasha mzigo unaozidi kilo 100. Gunia lile likipandishwa kwenye mizani (kama mizani ingekuwepo) lingefika kilo 130 bila shida. Mkulima analipwa gunia moja.

Piga hesabu. Anayeuza magunia 10 ya namna hiyo ametoa kilo 300 bure, yaani magunia 3 ya halali. Anayeuza 50 ametoa 15. Karibu robo ya mzigo wake wote umekwenda bila risiti, bila hata asante. Waziri wa Fedha akithubutu kesho kumkata mfanyakazi wa ofisini robo ya mshahara wake na kuiita desturi ya soko, tutaona maandamano hata ya wale wasiojua njia ya kuandamana. Mkulima anakatwa hivyo kila msimu, mchana kweupe, na anayemkata anakunywa chai kwake.

Lumbesa imepigwa marufuku na wakuu wa wilaya, ikapigwa marufuku na wakuu wa mikoa, ikapigwa marufuku na mawaziri, na Wakala wa Vipimo hawaachi kutoa matamko. Katika matamko hayo yote mkulima huambiwa akatae. Akatae vipi? Viazi vimeshachimbwa. Vikikaa juani vinageuka kijani, vikinyeshewa vinaoza. Njia ya kutoka shambani, mvua ya siku mbili tu inaifunga. Lori lililofika ni moja, na dereva anajua kwamba ni moja, na dalali anajua kwamba ada ya shule inadaiwa Jumatatu. Mama mwenye viazi anasimama pale kanga kiunoni, anatazama kilemba kikishonwa, hasemi kitu. Si kwamba hajui kuwa anaibiwa. Anajua kwa kilo. Hana pa kuyapeleka maneno yake, na viazi havingoji kesi.

Sasa mtaalamu wa semina na aje, na kalamu zake za rangi, amweleze mama yule ni somo gani la ujasiriamali litakalolitengeneza lori la pili.

Wanaouza mazao kabla hayajaiva ndio wanaotukanwa zaidi. Kagera kahawa inauzwa ingali ua mtini, ndiyo butura. Mtwara na Lindi korosho zinakwenda kwa kangomba, wanunuzi wa magendo. Kwingine mpunga unauzwa ungali majani. Nimesikia viongozi wakiwaita watu hawa wavivu, walevi, wasio na mipango. Ni matusi ya mtu aliyeshiba. Mtoto anaugua Februari, na kahawa inaiva baada ya miezi. Duka la dawa halipokei maua ya kahawa. Mwenye butura anapokea. Anakuja usiku ukimwita, hataki hati ya nyumba, hataki barua ya mtendaji, hataki picha mbili za pasipoti. Anataka nusu ya mavuno yako, basi. Riba yake ni ya kinyama, na mkopaji anaijua vizuri kuliko mwalimu wake wa stadi za fedha, kwa sababu yeye ndiye anayeilipa. Mkimkamata mwenye butura bila kuweka mahali pengine pa kukopa Februari, mtoto bado anaumwa.

Watu wakisikia haya hunijibu kwamba ushirika ndio dawa, na hapohapo hucheka, kwa sababu wote tunajua ushirika wetu ulivyo. Wasicheke haraka. Historia ya nchi hii ina ushahidi kwamba mkulima wa Tanganyika aliwahi kuikataa bei, na alipoikataa, kijiji chake kilibadilika mbele ya macho ya watu.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao 1925, wakati walowezi wa Kizungu hawakutaka hata kuona Mwafrika akipanda mbuni. Kutoka hapo ikazaliwa KNCU, chama kikuu chao cha ushirika, mwaka 1933. Shule zilizotapakaa kwenye migomba ya Uchagani, ambazo hadi leo watu wa mikoa mingine wanazitaja kwa wivu na kuzisingizia ujanja wa kabila, zilijengwa kwa pesa ya kahawa. Hakukuwa na ujanja wa damu. Palikuwa na zao lenye bei, na palikuwa na chama kilichosimama kati ya mkulima na mnunuzi. Usukumani hasira ilianzia kwenye mizani yenyewe, mizani ya wanunuzi wa pamba ambayo haikuwa ikisema kweli. Paul Bomani na wenzake wakaijenga hasira hiyo ikawa chama, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Victoria, ambalo kufikia Uhuru lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Lilimiliki vinu vya kuchambulia pamba. Wakulima wa jembe la mkono, wenye vinu!

Halafu kuna Litowa, ambayo vijana wa leo hawafundishwi, na ninashuku kwamba si kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Songea, kikundi cha vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha kijiji porini. Waliteseka, wakashindwa, wakaanza upya. Vijiji vingine vikajiunga nao, wakaunda chama chao cha maendeleo ya Ruvuma. Waliamua mambo yao kwenye mikutano yao, wakawa na mashine yao ya kusaga na ya kupasua mbao, wakaanzisha shule iliyofundisha watoto maisha ya pale walipo. Mwalimu Nyerere aliwatembelea na kuvutiwa, na alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967 alikuwa na mfano hai mbele yake.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Si ya mkoloni, ni ya TANU. Mali zao zikachukuliwa. Kosa lao lilikuwa lipi? Hawakuwa wezi, hawakuwa mabepari. Walikuwa wakijiamulia. Viongozi wa mkoa walipotaka hivi, wao walikuwa na mkutano wao uliosema vile, na mkutano wa wakulima unaoweza kusema hapana ulionekana kuwa hatari kuliko njaa. Ujamaa wa hiari ukazikwa Litowa. Ulioletwa baadaye ulikuja na malori: Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao ili wasirudi. Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, KNCU ndani yake, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao, mashirika ya Serikali yaliyochukua kahawa na pamba leo na kulipa yakijisikia. Sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye, hadharani, kwamba kuvifuta kulikuwa kosa. Ni wangapi kati ya wanaonukuu hotuba zake kila Oktoba wanaoikumbuka kauli hiyo?

Najua jibu linalokuja: viongozi wa ushirika ni wezi. Ni kweli, wapo, na wengi. Nimewaona makatibu wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, wanaojenga nyumba za bati la rangi huku wanachama wao wakiwa bado kwenye orodha ya malipo. Wafungwe. Lakini angalieni tunavyopima wizi katika nchi hii. Shilingi bilioni 133 zilichotwa kwenye akaunti ya madeni ya nje, EPA, ndani ya Benki Kuu, na hakuna aliyependekeza Benki Kuu ifutwe na Watanzania warudi kubadilishana chumvi na mbuzi. Wezi wakiiba taasisi ya wakubwa, tunasafisha taasisi. Wakiiba taasisi ya wakulima, tunaifuta taasisi, na wezi wanahamishiwa kituo kingine.

Tuje karibu zaidi, Oktoba 2018, Mtwara. Mnada wa korosho enzi hizo ulikuwa na sanduku. Wanunuzi walitumbukiza barua zao za bei, sanduku likafunguliwa mbele ya umati uliokaa chini ya mikorosho na kwenye turubai, barua zikasomwa moja moja kwa kipaza sauti: kampuni fulani, tani kadhaa, bei kadhaa. Kila bei ikitajwa umati unajibu, kwa mnong'ono, kwa kicheko au kwa mluzi. Mwishoni wanaulizwa: tunauza, hatuuzi? Msimu uliotangulia bei ilikuwa imefika shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka huo barua zilisomwa na zote zilikuwa chini ya 3,000. Newala na Tandahimba wakasema hatuuzi.

Mnisamehe nikikaa hapo kidogo, kwa sababu kwangu lile neno, hatuuzi, lina maendeleo ndani yake kuliko mipango mingi ya maendeleo niliyowahi kuisoma. Walithubutu kwa sababu korosho, tofauti na kiazi, haiozi ndani ya wiki. Walikuwa na ghala. Walikuwa na stakabadhi mkononi. Walikuwa wamekaa pamoja, si mmoja mmoja na dalali kwenye kona ya shamba. Weka vitu hivyo pamoja, na mtu yuleyule mnayemwita mwoga na mnyonge anasimama na kuwaambia matajiri wa dunia wakalale wakafikirie upya.

Kilichofuata kinajulikana. Serikali iliingia, Jeshi likaagizwa kubeba korosho, Rais akatangaza bei ya shilingi 3,300. Watu walishangilia, na mimi siwalaumu. Lakini mnunuzi akawa mmoja, naye ndiye mwenye bunduki na mwenye sheria. Uhakiki ukaanza: aliyeleta korosho nyingi aoneshe shamba, asije akawa ni kangomba. Malipo yakachelewa, miezi ikapita, wengine msimu mwingine ukawakuta wakiwa bado wanangoja. Waliokataa bei ya kampuni hawakuwa na namna ya kukataa ucheleweshaji wa Serikali. Na miezi michache kabla, Juni mwaka huohuo, Bunge lilikuwa limepitisha kwamba asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuhudumia zao lenyewe, sasa iingie Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka wakaonekana waasi. Uzalishaji, uliokuwa umepita tani 300,000 msimu wa 2017/18, ukaporomoka msimu uliofuata. Bila shaka hali ya hewa nayo ilikuwa na mchango. Lakini nani anapulizia salfa mkorosho ambao pesa yake ya mwaka jana hajaiona?

Ilipofika msimu wa 2024/25 wanunuzi walishindana, na minada ya mwanzo ikavuka shilingi 4,000. Mikorosho ni ileile. Wakulima ni walewale, na sidhani fikra zao zilibadilishwa na mtu.

Hili la fikra linanikera kwa sababu wakulima wetu wamethibitisha mara elfu kwamba hawahitaji kusukumwa pale bei inaposema. Bei ya kahawa ilipoanguka, Wachagga walikata mibuni yao wakapanda ndizi na nyanya, huku wakijua kabisa kwamba sheria ilikataza. Parachichi lilipoanza kununuliwa kwa kilo pale Njombe na Rungwe, watu walipanda wenyewe, wakatafuta miche wenyewe. Mbaazi ni mfano wa uchungu. India ilikuwa ikinunua kwa bei nzuri, wakulima wa Kusini na Kaskazini wakaongeza mashamba. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwake, na bei ikaanguka mpaka watu wakaziacha shambani. Hapo napo mtamwambia mkulima abadili fikra? Alifanya hasa mlichomwagiza. Alilima kibiashara. Hakuwepo wa kumwambia kwamba soko lake lote lilikuwa limefungwa kwenye kamba ya nchi moja, wala ghala la kumwezesha kungoja.

Na pale soko lilipokuwa jirani, tukalifunga sisi wenyewe. Mwaka 2011 tulizuia mahindi kuvuka mpaka. Juni 2017 tukazuia tena: msiuze nafaka nje, sageni muuze unga. Wakulima wa Rukwa na Ruvuma walikuwa wamevuna, mahindi yamejaa majumbani mpaka chini ya vitanda, na unga wa kusaga tani 5 za mtu wa Namanyere uuzwe Nairobi na nani, kwa mashine ipi, kwa nembo ipi? Bei ikadondoka. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, na nchi nzima ikachemka: wanatuonea, wanavunja mkataba wa Jumuiya, wakulima wetu wataumia! Ilikuwa kweli, wangeumia. Lakini miaka minne nyuma tulikuwa tumewafanyia jambo lilelile, na aliyelalamika aliambiwa hana uzalendo.

Wa mjini atanijibu: wewe unataka sembe ipande tufe njaa? Swali halali, na jibu langu ni fupi. Serikali ikitaka watu wa Dar es Salaam wale ugali wa bei nafuu, na ni jambo jema kulitaka, inunue mahindi kwa bei ya soko na kuyauza kwa hasara, kwa pesa ya Hazina, ambayo sote tunaichangia. Kufunga mpaka ni kumwambia mkulima wa Laela alipie peke yake ugali wa watu anaowazidi umaskini. Mfanyakazi wa mjini hapandishiwi mshahara, basi anatafutiwa nafuu kwenye gunia la mtu asiye na chama cha wafanyakazi. Nataka sheria, si tamko: Serikali ikizuia mazao kutoka, ilipe tofauti ya bei. Nina hakika marufuku zitapungua sana siku hiyo.

Sipingi kila kitu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, ikapanda hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ikaelekezwa kwenye umwagiliaji, jambo ambalo tulilililia kwa miaka. Mbolea iliyokuwa imepita laki moja kwa mfuko ikashushwa kwa ruzuku hadi 70,000 hivi. Ni hatua, na aliyezichukua apewe haki yake. Ninachouliza ni hiki: mavuno yakiongezeka maradufu huku mnunuzi akibaki mmoja, lori moja na mizani hakuna, faida ya mbolea hiyo inaishia kwa nani? Mwaka wa mavuno mengi ndio mwaka wa bei mbaya. Hilo hata mtoto wa darasa la nne kijijini analijua. Tunamwongezea mkulima magunia bila kumwongezea siku za kungoja. Anavuna Juni, anauza Juni pamoja na kijiji kizima, na Februari anakwenda na debe kununua mahindi kwa karibu mara mbili ya bei aliyouzia, pengine mahindi yaleyale.

Siku za kungoja zinanunulika. Ghala la kijiji lenye stakabadhi ni kitu kizuri, lakini mkulima anayeleta magunia 8 asubuhi anahitaji malipo ya awali jioni hiyo, hata nusu, la sivyo atakwenda kwa kangomba, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwelewa. Mfumo unaomwambia asubiri wiki sita kisha unamkata makato ambayo hata katibu hawezi kuyaeleza yote unamfundisha kuuchukia. Nimeshuhudia mzee akishika karatasi yake ya malipo chini ya mwanga wa simu, anasoma makato mstari kwa mstari kwa sauti, mpaka walio karibu wakaanza kucheka, na yeye hakucheka. Benki zimeshusha riba ya kilimo mpaka asilimia 9, tunaambiwa. Vizuri. Ni mkulima gani wa ekari mbili asiye na hati anayeipata?

Barabara nazo zina msimu wake, kama mazao. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa 2017 na ina kazi ya kilometa nyingi kwa pesa kidogo, najua. Lakini greda likipita Septemba, viazi vilikwisha kulala kwa dalali. Lipite kabla ya kuvuna. Njia ikipitika, lori la pili linafika, na lori la pili likifika yule dereva wa kwanza anaanza kuwa na adabu. Sijawahi kuona semina yenye nguvu hiyo.

Na mizani. Jamani, mizani! Nchi inayofikisha nguzo za umeme hadi vijiji vya mbali inashindwaje kuweka mizani ya jukwaa kwenye kila gulio, iliyokaguliwa, yenye paa juu yake na mtu anayelipwa kuisimamia? Kila mzigo upimwe, bei iwe ya kilo, gunia lenye kilemba lifunguliwe palepale. Halmashauri zitasema hazina pesa. Wakati huohuo halmashauri hizohizo zimeweka vizuizi vya ushuru wa mazao kila njia panda, kamba ikavutwa usiku na mchana. Ushuru ulipunguzwa 2017 kutoka asilimia 5, lakini kizuizi hakikuondoka, na kwingi kijana wa pale bado anahesabu magunia kwa kidole. Gari la lumbesa linafika. Anahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka 80. Analipisha 80. Kwa kilo, ndani ya lile gari mna magunia zaidi ya 100, na kijana anaviona vilemba, maana vimepita ubavu wa lori. Anakata risiti, anashusha kamba, gari linapita. Madiwani wenye vikao vya kulalamikia mapato hafifu ya halmashauri waanzie hapo, na wakifika waende na mizani.